Siku Profesa Aliponiachia Mke

Mjukuu wangu tunamwita Profesa, na hata mwaka wa pili chuoni hajaumaliza. Jina nilimpa mimi akiwa anatambaa, kwa sababu ya kipara. Sasa nywele zinamziba macho, lakini jina limeganda.

Huyu tunagombania naye mke. Bibi yake, mke wangu wa ndoa kabisa, yeye anasema ni wake. Akija likizo, hata begi hajatua, utasikia, "Wewe mzee, bado upo tu? Mbona mke wangu amekonda?" Nami namjibu, "Mahari ulitoa lini, wewe?" Ndiyo salamu yetu. Kwetu, mjukuu akimwamkia babu kwa adabu, tunampima homa.

Basi juzi asubuhi kaja, na likizo haijafika. Mimi, fundi makochi, niko kibandani kwangu nashona kochi la mwalimu mmoja mnene, Mungu amzidishie. Profesa akakaa juu ya sponji. Nikampa sindano anitungie uzi, maana macho yangu haya ni pambo tu. Akalikosa tundu mara tatu, uzi ukagoma. Na pombe inanuka mpaka kwangu.

"Umekuja kumuiba mke wangu?"

"Hapana, babu. Nimekuachia. Mtunze vizuri."

Nikacheka, mjinga mimi, nikajiona nimeshinda! Halafu kicheko kikanikauka. Kasema taratibu, kama mpangaji anayerudisha funguo. Na huyu lini alikubali kushindwa? Nikaweka nyundo chini.

"Unaniachia, wewe unakwenda wapi?"

Akaanza kunyofoa sponji.

Mimi maneno ya kuzungukazunguka sijui. "Profesa, unataka kujiua?"

Akajikunja pale pale, akalia. "Nimechoka, babu. Nilianza na vidonge vya kukesha nisome. Halafu vya kunilaza. Halafu pombe, nisahau kwamba nimefeli vilevile. Kila siku naomba nisiamke."

Nikamshika tu kichwa, nywele zote zile, mpaka akapumua.

"Sasa sikiliza. Mke simpokei. Yule mama anakoroma, ni mzigo wa wanaume wawili."

Akacheka, kamasi zinamtoka. Kicheko kidogo, lakini nilikipokea kwa mikono miwili.

"Vidonge lete." Akatoa, nikavitia mfukoni mwangu. "Twende zahanati."

"Watanionaje, babu?"

"Wakuone wewe? Mimi nina chembechembe za sponji kichwani kama kuku aliyenyeshewa. Kichaa watadhani ni mimi."

Na kweli! Muuguzi alinitazama juu mpaka chini, akaniuliza mimi, "Mzee, unasumbuliwa na nini?" Profesa akadakia, "Wivu, dada." Halafu sauti ikashuka. "Mgonjwa ni mimi."

Hilo neno kalisema mwenyewe. Nikageukia ukuta, nikajifanya nasoma tangazo la chanjo, na kusoma kwenyewe kwa kubahatisha.

Akaingia kwa daktari. Nikakaa benchi la nje, nikimsumbua Mungu mpaka nadhani alinichoka. Alikaa humo sana. Mara mlango ukafunguka, Profesa akachungulia, macho mekundu.

"Babu, njoo. Daktari anasema matibabu ni marefu, anataka nimtaje mtu wa kukaa karibu yangu. Nimekutaja wewe. Usilete maringo."

Nikaingia. Kiti kilichobaki kilikuwa kimoja. Tukakikalia wote wawili.