Kesi ya Sembe Asiyesikia

Usiku wa jana niliota jiko langu limegeuzwa mahakama, na mimi nimekaa juu ya kinu kilicholazwa, nasubiri kesi ya mbwa wangu.

Mbwa mwenyewe ni mtoto bado, mweupe mpaka kope, ndiyo maana nikamwita Sembe. Mwanangu Lusungu aliniletea alinde kuku. Sasa mleta mbwa kageuka. Kila akija anasimama mlangoni anaita, "Sembe, we Sembe," na Sembe kalala fofofo. Basi anatoa hukumu yake: "Mama, mbwa huyu hasikii." Jana jioni akaniambia kesho asubuhi anakuja na gunia, anakwenda kumtupa korongoni, aniletee mwingine mwenye kusikia. Nikaingia kitandani na neno hilo kifuani kama kiazi kilichokwama.

Ndotoni hakimu anaingia. Hakimu ni Sikio. Sisemi mtu mwenye masikio makubwa, nasema Sikio lenyewe, moja, pana kama ungo, linatembea kwa ncha yake ya chini, na limepakwa mafuta linang'aa. Vyombo vyote vinasimama. Mimi nabaki nimekaa. Sijapata kusimama kwa heshima ya sikio katika maisha yangu.

"Mshitakiwa anashitakiwa kwa kutosikia," linasema Sikio. "Shahidi wa kwanza."

Shahidi wa kwanza ni sufuria yangu ya ugali, ile iliyobonyea ubavuni. Inaviringika mpaka mbele, inajikohoza.

"Mheshimiwa, mimi nilidondoshwa nyuma ya mshitakiwa na huyu Lusungu. Mshitakiwa akaruka. Kwa hiyo anasikia. Asipokuja akiitwa, ni kiburi."

"Kiburi," linarudia Sikio, kama aliyeonja asali.

"We sufuria," nikasema, "uliangukia wapi?"

"Sakafuni, bibi."

"Sakafu ikafanyaje?"

"Ikatetemeka."

"Na Sembe alikuwa amelalia nini?"

"Sakafu hiyo hiyo," ikasema sufuria. Tumbo lote lile, na ndani mna ukoko tu.

Shahidi wa pili ni filimbi ya refa. Inasema ililia nje ya dirisha wakati Sembe amelala peke yake, ikalia mpaka punje yake ikashikwa na kizunguzungu, na Sembe hata mkia hakuutikisa. Alipokuwa na ndugu zake alikuwa anaamka, maana wao wakishtuka walikuwa wanamkanyaga. Siku hizi hana wa kumkanyaga.

"Basi hasikii," nikasema. "Yaani ni kiziwi. Kesi imekwisha."

"Imekwisha vipi?" linasema Sikio. "Kama anasikia na haji, ana hatia ya kiburi. Kama hasikii, ana hatia ya kutosikia. Mahakama hii haina upendeleo."

"Kweli kabisa, mheshimiwa," anasema Lusungu. Yupo pale mbele, kavaa suti ya kanisani na mabuti ya shambani. Kando yake kakaa gunia, linapiga miayo, na kila likipiga miayo linamtazama Sembe.

"Lusungu, baba," nikamwambia, "ulipokuwa mdogo nilikuwa nakuita uende kisimani?"

"Mama, hiyo si kesi ya leo."

"Nakuuliza. Ulikuwa unasikia?"

"Nilikuwa nasikia."

"Ulikuwa unakuja?"

Akatazama mabuti yake.

"Na gunia sikuleta," nikasema.

Vyombo vikacheka chini chini. Sikio likajitikisa, mafuta yakaturukia. "Mama mtu mzima, usinichezee baraza. Hasikii maana yake hasikii."

"Hasikii nini, mheshimiwa?"

"Hasikii chochote."

"Anasikia baridi?"

Sembe anatetemeka pale chini. Huku kwetu Njombe hata jiwe linasikia baridi. Sikio likakiri kwamba anasikia.

"Anasikia njaa?"

"Hiyo anaisikia kuliko sisi sote," ikadakia sufuria. Nayo ina haki ya kusema, maana hulambwa.

"Anasikia harufu?"

Pua ya Sembe ilikuwa imeshajibu. Ilikuwa inaifuata filimbi, kwa sababu filimbi ilitoka kwenye mfuko uliobeba samaki.

Sikio likavimba. Likauliza nani aliwapa pua na tumbo ruhusa ya kusikia bila kupitia kwake. Lilisema tangu limeota kichwani mwa watu halijapata kudharauliwa namna hiyo, na kwamba ngozi nayo itaitwa ijieleze. Mkubwa mzima analionea wivu tumbo. Nikaona hapa hoja hazitoshi. Mjinga mwenye cheo dawa yake ni moja.

"Kitendawili," nikasema.

Ukiambiwa hivyo, hata ukiwa hakimu, utaitikia. "Tega," likasema Sikio, kwa kinyongo.

"Nikipiga kelele analala, nikinyamaza anakuja."

"Mwizi," linasema Sikio.

"Kelele zikilaza mwizi, mbwa wa nini?"

"Usingizi."

"Usingizi unalala? Mheshimiwa, pole."

Likafikiri mpaka mafuta yakakauka. Likashindwa. "Haya, nipe mji," nikasema.

Sikio likajipapasa nyuma ya mkunjo wake, likatoa Iringa nzima, ya moto kama mkate, likanikabidhi mkononi.

Nikasema kama ilivyo desturi, "Nilikwenda Iringa." Kabla sijamaliza, nipo Iringa, sokoni, mimi na Sembe na mahakama yote, na kumekucha vizuri.

Mji wote hauna sauti. Watu wanaongea kwa mikono. Wanapatana bei kwa mikono, wanatukanana kwa mikono, na wawili wanasengenya wamegeuzia watu mgongo ili vidole vyao visionekane. Kazi yote inakwenda. Aliyebaki bila kazi ni Sikio. Limesimama pembeni, linajigeuza huku na huku, halipati kitu. Mama mmoja anadhani ni uyoga. Analiminya kuona kama ni bichi, kisha analitia kwenye ungo wake wa uyoga.

Mama mwingine, muuza nyanya na dagaa, ananiona mimi na Sembe. Sembe kasinzia kwenye kivuli cha meza. Yule mama hamshiki, hamrukii, hamfokei. Anakanyaga chini kwa kisigino, taratibu. Sembe anafungua macho, anamwona. Ndipo yule mama anajivuta ncha ya sikio lake mwenyewe, na mkono wa pili unashika dagaa juu ya pua ya Sembe. Sembe anafuata dagaa kwa macho, anafuata, mpaka makalio yanagusa chini. Anapewa. Anarudia tena. Akikaa, dagaa. Asipokaa, hakuna dagaa wala hakuna matusi.

Kisha ananigeukia na kuniambia kwa vidole kwamba barabarani nimfunge kamba, maana gari hatalijua mpaka limfikie, na wageni nyumbani niwaonye wasimguse akiwa usingizini, atauma kwa kushtuka tu. Nikaelewa yote. Shule niliishia ya msingi, na vidole sikufundishwa.

Mara ya mwisho muuza nyanya hakushika dagaa. Alivuta sikio tu. Sembe akakaa, mkia unafagia vumbi.

"Na jibu la kitendawili?" linauliza Sikio kutoka kwenye ungo wa uyoga.

"Jibu hilo hapo," nikasema. "Limekaa."

Sikio likajikunja kama chapati. Likaamuru kwa sauti ndogo kwamba mtoto apelekwe kwa daktari wa mifugo, apimwe sikio moja moja, kwani huenda moja ni zima, na asifungwe katika kitu chochote chenye mdomo. Halafu yule mama wa uyoga akalipakia kwenye kikapu chake, akaenda zake kulipika.

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshaingia chumbani. Lusungu amesimama mlangoni, gunia begani, anaita, "Sembe, we Sembe." Mbwa kalala chini ya kitanda changu, ubavu juu.

"Mama, unaona mwenyewe. Hasikii."

Sikumjibu. Nikashusha mguu, nikakanyaga sakafu kwa kisigino. Sembe akaamka, akatoka, akasimama katikati ya chumba anamtazama Lusungu.

Mwanangu akikosa la kusema ana mazoea ya kuhangaisha mikono. Akajikuna shingo, akajikuna kidevu, mwishowe akajivuta ncha ya sikio.

Sembe akakaa.

Mbwa huyo tangu azaliwe hajapata kuambiwa kaa, si kwa mdomo wala kwa fimbo. Lusungu akaachia sikio. Akasogea hatua moja pembeni, Sembe akasimama kumfuata. Akalivuta tena, polepole, kama mtu anayejaribu swichi ya nyumba ya watu. Sembe akakaa tena, vizuri zaidi.

"Mama," akasema, "umemwambia nini?"

"Mimi? Mimi nimekaa kitandani, mdomo nimefunga. Umemwambia wewe."

"Mimi sijasema kitu."

"Ndiyo maana kakusikia."

Akatutazama, mimi, mbwa, mimi. "Sasa anataka nini? Mbona ananitazama mkono?"

"Anasubiri dagaa," nikamwambia. "Wapo jikoni, kwenye kopo la juu. Na ukirudi, usipige kelele."