Kurasa Kumi na Sita za Bi Mwandishi

Kwa miaka thelathini na moja seremala yule alijenga nyumba ambazo hakuna mtu aliyewahi kulala ndani yake. Alikuwa fundi wa jukwaa kwenye ukumbi wa maigizo: leo ikulu, wiki ijayo jela, mwezi ujao chumba cha maharusi, vyote vya mbao nyembamba na kitambaa kilichopakwa rangi. Watu walimwita Fundi, na hata mkewe alimwita hivyo hivyo. Mkewe naye walimwita Bi Mwandishi, kwa sababu aliandika riwaya za mapenzi, na zote zilitokea ukumbini: mwigizaji na mpiga taa, mshona mavazi na mwimbaji, dada wa tiketi na mwongozaji mwenye mke wake nyumbani. Kila Jumamosi mchana, kabla ya onyesho, alitandika kitambaa chekundu juu ya meza karibu na dirisha la tiketi, akauza vitabu vyake mwenyewe, akipiga soga na wateja mpaka kengele inalia.

Fundi hakuwahi kusoma hata kimoja. Yeye alikuwa akiulizwa tu. Mkewe angeinua kichwa kutoka kwenye daftari na kusema, "Fundi, pazia likikwama katikati analaumiwa nani?" Naye angejibu, akarudi kwenye chai yake.

Bi Mwandishi aliugua wiki mbili tu, akafa siku ya Jumanne. Siku tisa baada ya mazishi, gari la mchapaji lilisimama mlangoni likashusha maboksi sita ya riwaya yake ya kumi na mbili. Fundi alitia sahihi, akayapanga sebuleni, akakaa kuyatazama. Hakulia. Hospitalini hakulia, makaburini hakulia, na watu wakamsifu kwa kujikaza, ilhali hakuwa amejikaza chochote. Alikuwa amekufa ganzi kama mguu uliokaliwa vibaya, ila ganzi hii haikuwa na dalili ya kuanza kuchomachoma.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alivumilia mwezi mmoja wa kuyazunguka maboksi yale kila alipokuja kumpikia. Siku moja akaweka sufuria chini.

"Shemeji, dada hakuandika vitabu ili vikae sebuleni kama wageni waliokosa usafiri. Jumamosi peleka."

"Sijui kuviuza."

"Kwani kujua nini? Unakaa, unanyamaza. Hilo si unaliweza?"

Akavipeleka. Aliviuza kama mtu anayeuza misumari.

"Hiki kinahusu nini?" mama mmoja alimuuliza.

"Mwanamke na mwanamume."

"Ehe, wanafanyaje?"

"Wanapendana."

"Halafu?"

"Kina kurasa mia mbili na nane."

Yule mama alimtazama, akatazama picha ya marehemu kwenye jalada la nyuma, akanunua viwili. Wengi walikuwa hivyo. Walimshika mkono, wakasema pole, wakasema alikuwa mcheshi kweli yule dada. Fundi aliitikia, "Asante, tumeshapoa." Maneno yalitoka yenyewe, kama risiti.

Jumamosi ya pili msusi mmoja, mteja wa marehemu tangu riwaya ya kwanza, aliingia akiwa bado na chanuo kichwani, kitabu mkononi, amefura.

"Fundi, mmeniacha njiani!"

"Kuna nini?"

"Kuna nini! Mwigizaji amemfuata mpenzi wake nyuma ya jukwaa, anataka kumwambia yale ambayo hajamwambia tangu sura ya pili. Mimi huku nimemwacha mteja nusu kichwa, nafunua ukurasa, nakuta nini? Huyo mpenzi wake yuko dukani anajaribu viatu! Vile vile vya sura ya tatu!"

Fundi alichukua kitabu. Baada ya ukurasa wa mia moja tisini na mbili ulikuja wa thelathini na tatu. Akafungua cha pili mezani, cha tatu, cha kumi. Vyote vilikuwa hivyo. Kurasa kumi na sita za mwisho hazikuwamo; mahali pake palirudiwa viatu. Watu zaidi ya sitini walishanunua, na mpaka siku ile hakuna aliyelalamika. Labda walimwonea huruma.

"Wanaoana?" msusi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Sijui, dada."

"Hukumuuliza?"

Alifikiri. "Hapana."

Jumatatu alikwenda kwa mchapaji. Yule bwana alishika kichwa, akaomba radhi mpaka akaishiwa maneno, akasema atachapa kurasa zile bure na gundi atatoa yeye. Lakini kompyuta ya kazi ile ilikuwa imekufa na kila kilichokuwamo. "Niletee nakala ya mkono, Fundi. Nionyeshe zinaanzia wapi."

Chumba cha kuandikia cha marehemu kilikuwa kidogo kama stoo. Mchana ule Fundi alifungua dirisha, shemeji yake akavuta rundo la madaftari akayaweka mapajani. Alisoma mstari mmoja. Kuona mwandiko wa dada yake tu, kilio kikambana, akayasukuma pembeni na kukimbilia jikoni. Kwa hiyo kazi ikabaki kwa mwenye macho makavu.

Alisoma kama anavyosoma ramani ya jukwaa, kidole chini ya maneno, akitafuta pale msusi alipoachwa. Akapaona. Ilimbidi aendelee hadi mwisho ili ajue daftari halijakatika. Mwanamume wa riwaya hakuwa seremala. Alikuwa mwigizaji, mrefu, mwenye vidole laini, na alizungumza maneno mengi kwa wakati mmoja. Alimwomba mwanamke msamaha. Mwanamke akarudi nyuma, akauegemea ukuta wa ngome, nao ukamshikilia.

Fundi akasimamisha kidole.

Ukuta wa ngome wa jukwaani ni kitambaa. Ukiuegemea unakwenda nao chini. Hilo alishamwambia mkewe, si mara moja. Alihisi kitu kidogo kikimkera kifuani, kama kibanzi kwenye kidole, na akashangaa, maana tangu Jumanne ile hakuwa amekerwa na lolote. Alitoa penseli ya kazi iliyokaa nyuma ya sikio lake ili asahihishe. Ndipo alipoona pembeni, kwa wino wa kijani:

*Fundi atasema ungeanguka. Mwacheni aseme. Mimi nataka usimame.*

Alisoma mara mbili.

"Ungeanguka," alisema kwa sauti.

"Umesemaje, shemeji?" sauti ilitoka jikoni.

"Hakuna kitu."

Akairudisha penseli nyuma ya sikio, akafunga daftari kwa kamba na kumpelekea mchapaji jioni ile kabla hajafunga. Mchapaji aliuliza kama yale maneno ya kijani nayo yachapwe. "Hayo ni yangu," Fundi alisema.

Kurasa zilipotoka, walikaa sebuleni siku tatu, shemeji akikata zile kurasa za viatu kwa wembe, yeye akipaka gundi na kubana kwa mbao. Mikono ilikuwa na la kufanya, na hilo lilimfaa. Jumamosi alibandika tangazo dirishani: walionunua waje wabadilishiwe. Wakaja. Msusi alikuwa wa kwanza, akasoma wima palepale mezani, machozi yakimdondoka juu ya kitambaa chekundu. Fundi alimtazama akijiuliza watu wanayatoa wapi. Akamsogezea kiti.

"Wameoana," msusi alisema alipomaliza, akijifuta. "Ulikuwa unajua?"

"Nilisoma."

"Na wewe uliionaje?"

"Aliandika alivyotaka yeye," Fundi alisema.

Kengele ikalia, watu wakaingia ndani, milango ikafungwa. Alibaki peke yake na vitabu kumi na saba. Nyuma ya milango vijana wa jukwaa walikuwa wakibadilisha mandhari. Alisikia gurudumu moja likilia, akajua ni lile la kushoto na kwamba halijatiwa mafuta. Simu ikaita. Shemeji alitaka kujua kama amekula.

"Bado," alisema. "Nikitoka hapa nitapitia mkate."

"Chukua na maziwa."

"Sawa," akasema, akaanza kuvirudisha vitabu kwenye boksi, kimoja kimoja, migongo ikitazama upande mmoja.