Siku Waganga Walipoinua Funguo

Katika Chama cha Waganga wa Vijijini wa Nyanda za Juu lilikuwako kosa moja lisilosameheka. Mjumbe angeweza kuchelewa mkutano, angeweza kukoroma katikati ya hotuba, hata kung'oa jino zima akaliacha bovu, na wenzake wangemcheka tu wakati wa chai. Lakini kumwachia mtu mwingine ufunguo wa kabati la dawa za hatari, hapo jina lake lingefutwa. Mwaka mmoja mganga alimwachia shemeji yake. Shemeji jino lilikuwa linamuuma, akajitibu mwenyewe, akalala siku mbili, na alipoamka aliwakuta ndugu zake wamechimba kaburi lake hadi nusu.

Tangu siku hiyo Mkutano Mkuu wa Mwaka ulifunguliwa kwa Ukaguzi wa Funguo. Kila mganga alisimama, akatajwa pamoja na zahanati yake, akainua ufunguo juu, Mwenyekiti akauona kwa macho yake. Ndipo watu wakaruhusiwa kujadili magonjwa.

Agosti ya mwaka 1977 mkutano ulifanyika Iringa, katika ukumbi wa shule moja ya bweni ambao bado ulinuka maharage ya muhula uliopita. Waganga sitini walikaa kwenye madawati ya wanafunzi, magoti yakigusa videvu, masweta yamefungwa hadi shingoni kwa baridi ya asubuhi. Katika mstari wa tatu alikaa Didas, mganga wa zahanati ya Isengo, huko chini kwenye mbuga za Usangu. Alikuwa amejiandaa. Ufunguo wake aliuning'iniza shingoni kwa kamba mpya ya kiatu, nyeupe kabisa, na mfukoni alikuwa na kurasa nne za kusoma saa tano: "Utunzaji Bora wa Dawa Katika Zahanati." Alikwisha kuzisoma kwa sauti mbele ya ng'ombe wa jirani, nao hawakuwa na swali.

"Ndugu Didas, Isengo!" aliita Mwenyekiti, Bwana Bartolomeo, mzee ambaye miwani yake ilishikizwa kwa plasta ya kidonda.

"Ufunguo upo!" Didas akasimama, akainua ufunguo.

Mkono ukiwa bado juu, akamkumbuka Mbuke.

Mbuke alikuwa mke wa Nkuba, mfugaji aliyehamia Usangu na ng'ombe wake kutoka Usukumani. Uzazi uliopita damu ilimtoka baada ya mtoto kuzaliwa, ikalowesha godoro, ikafika sakafuni, na kilichomwokoa ni sindano moja ya kukaza mji wa mimba. Safari hii Didas mwenyewe alimwamuru ahamie karibu na zahanati. Na jana, alipokuwa anapanda gari kuja Iringa, mkunga wa zahanati, Mama Tupokigwe, alimfuata hadi dirishani.

"Dakta, tumbo la Mbuke limeshuka."

"Bado wiki mbili, mama. Nimehesabu."

Sindano ile ilikuwa kabatini. Mkaguzi wa dawa alikwisha kuagiza kwamba sindano zote zifungiwe, na Didas, mtu wa utaratibu, alizifungia zote. Ufunguo ulikuwa mmoja tu. Ulikuwa hapa Iringa, hewani, ukisubiri kusifiwa.

Akabaki amesimama.

"Kaa chini bwana, umeshaonekana," alinong'ona jirani yake, Danieli, mganga kutoka milima ya Kilolo, akimvuta sweta. "Au unataka upigwe picha?"

"Danieli, leo nani anafungua kabati lako?"

"Hakuna. Ndiyo utaratibu." Danieli akatabasamu. Kisha tabasamu likamwishia usoni polepole. "Nina mama wa mapacha," alisema. "Alikuja Jumamosi miguu imevimba."

Didas hakukaa. "Ndugu Mwenyekiti, naomba ruhusa."

"Choo kiko nyuma ya jiko, Ndugu Didas."

Ukumbi ukacheka sana, maana waganga, wakikutana, hucheka kama wanafunzi.

"Naomba ruhusa ya kurudi Isengo. Nina mama aliyewahi kutokwa damu. Sindano nimeifungia, ufunguo ninao mimi."

"Ndivyo inavyotakiwa," alisema Bwana Bartolomeo.

"Ndiyo, mzee. Na akianza kutokwa damu sasa hivi?"

Kicheko kilikatika dawati kwa dawati. Mtu mmoja mstari wa nyuma aliuachia ufunguo wake ghafla, kana kwamba ulimuunguza. Mwingine akaanza kuhesabu kwenye vidole, miezi au wagonjwa, haikujulikana. Makabati sitini, kutoka Kilolo hadi mpaka wa Zambia, yalikuwa yamefungwa kwa uaminifu mkubwa, na watu walioyafunga walikuwa wamekaa Iringa wakitazamana.

"Nenda," alisema Bwana Bartolomeo, na sauti yake haikuwa ya mwenyekiti tena. "Nenda, mwanangu. Kimbia."

Didas alikimbia mteremko mzima hadi barabara kuu ya Zambia. Hapo akapata lori la mbolea linalokwenda Uyole. Dereva wake, Jailos, Mnyakyusa mwenye kofia ya sufu, alikuwa mcheshi kuliko Didas alivyohitaji siku ile.

"Mganga unakimbia mkutano! Mgonjwa nani, mkeo?"

"Mke wa mtu."

"Ehee! Mke wa mtu, na jasho hilo?"

"Ana mimba."

"Yesu wangu!" Jailos akapiga usukani kwa furaha. "Na mwenyewe anajua?"

"Ndugu yangu, akizaa damu haikatiki. Dawa iko kabatini, ufunguo huu hapa."

Jailos aliutazama ufunguo, akaitazama barabara. Hakutania tena. Alikanyaga mafuta hadi magunia yakaanza kurukaruka nyuma.

Mafinga ikapita, Makambako ikapita. Didas alijaribu kujidanganya kwamba hesabu yake ilikuwa sahihi, kwamba wiki mbili ni wiki mbili. Kila alipokaribia kuamini, alilikumbuka lile godoro. Mtu akitokwa damu namna ile huwa na nusu saa, pengine saa moja. Lori lilihitaji saa tano.

Alishuka Igawa, akaazima baiskeli ya muuza chai, akaikanyaga kwenye vumbi la mbuga, ufunguo ukimgonga kifuani. Jua lilikuwa limeanza kulegea alipoona bati la zahanati. Nje walikaa wanaume watano wa ukoo wa Nkuba, migongo ukutani. Nkuba mwenyewe alisimama mlangoni. Mkononi alikuwa na shoka.

Didas akaanguka na baiskeli yake. Wazo lililomjia halikuwa la kishujaa: alifikiri shoka lile lilikuwa la kumkata yeye, na moyoni hakuona sababu ya kubisha.

"Dakta," alisema Nkuba, akiliweka shoka chini. "Nimevunja mali ya serikali. Mama Tupokigwe aliniambia vunja, nikavunja. Utanifunga baadaye. Ingia kwanza."

Ndani, mlango wa kabati ulining'inia kwa bawaba moja. Sakafuni vilimetameta vioo vya chupa ndogo za sindano. Mbuke alilala macho nusu wazi, midomo ya rangi ya majivu. Mama Tupokigwe alikuwa juu yake, ngumi imezama tumboni, nywele zimetoka kwenye kilemba.

"Sindano?" aliuliza Didas.

"Shoka limepasua kumi na moja. Moja imepona, nimempa. Damu imepungua, haijakatika. Mtoto mzima, yuko kwa bibi yake. Usinisimamie hapo, nawa mikono ushike hapa. Mkono wangu umekufa ganzi tangu saa nane."

Akanawa, akashika. Chini ya kiganja mji wa mimba ulikuwa laini kama unga uliozidi maji. Akaukanda. Akahesabu mapigo ya moyo, akapotea, akaanza upya. Sindano moja kati ya kumi na mbili, aliwaza, na kila alipowaza hivyo akaukandamiza zaidi. Ulikaza kidogo, ukalegea. Ukakaza tena. Kisha ukajikusanya chini ya vidole vyake, mgumu, mviringo, ukabaki hivyo. Mama Tupokigwe akainua shuka, akatazama kwa muda mrefu.

"Damu imekata," alisema.

Mbuke akageuza shingo. "Dakta. Walisema uko Iringa."

"Nilikuwa huko."

"Inatosha sasa," alisema Mama Tupokigwe. "Ondoa mkono, mwache apumzike."

"Ngoja kidogo, mama."

"Imekata, Dakta. Nimeona mwenyewe."

"Najua," alisema Didas, na hakuondoa mkono.