Kofia ya Papa Benoît

Kila Jumapili baada ya misa, wapenda kofia wa Ngungu walikusanyika sokoni, mezani kwa Papa Straton, fundi aliyezeeka akishona na kunyoosha kofia za sufu nzito. Fundi alikuwa na maneno yake ya kazi: bordi ya pembeni, ribani ya kuizunguka kofia, ngozi ya jasho inayogusa paji la uso kwa ndani. Vijana walikuwa na yao. Kofia kwao ilikuwa nyumba. Juu ni paa, pembeni ni veranda.

Aliyevuma kwa maneno hayo ni Valens, kijana mwenye ulimi wa moto na kofia moja tu, aliyoachiwa na marehemu baba yake, Papa Benoît. Hiyo ndiyo aliyotaka kuivaa siku ya kupeleka mahari kwa kina Olga, mchumba wake. Wazee wa kule humpima mkwe kwa namna anavyowavulia kofia.

"Sikia, Valens," Straton alimwambia Jumapili moja. "Ikiloa, uipumzishe. Pindua ile ngozi ya jasho inje, kofia ikalie ngozi, mbali na moto. Sisi mafundi tunasemaka kupumzisha."

"Kupumzisha? Papa, nyumba inachokaka?"

Watu wakacheka. Kicheko kikamlevya Valens, akapanda juu ya kreti tupu la bia:

"Kofia ya huyu fundi, yachoka kama mzee,
Iwekeeni kitanda, na uji mwipelekee!"

Soko zima likaangua kicheko. Straton akakunja kitambaa chake polepole. Tangu siku hiyo alishona tu. Hakumweleza mtu kitu tena.

Siku mbili kabla ya mahari, mvua ilimkuta Valens njiani akitoka shamba la maharagwe. Alifika nyumbani kofia ikichuruzika. Alikumbuka kila neno la fundi. Akaanza hata kuipindua ile ngozi.

"Eh, kaka!" rafiki yake Darius alicheka, akiota moto jikoni. "Unaipumzisha? Nilete uji?"

Uso ukamchoma Valens. Akairudisha ngozi ndani, akaitundika kofia juu ya mafiga, palipokuwa na moto mkali.

Asubuhi kofia ilikuwa ngumu kama ubao, imenywea. Alipoivaa ilikaa utosini kama kikombe. Mama yake, Mukankusi, aliiangalia kofia ya mumewe, akatoka nje.

Valens akaipeleka mbio kwa Straton. Mzee akaizungusha, akaingiza kidole gumba ndani, akapapasa.

"Paa imenywea," alisema. "Veranda imepanda. Ile nyumba imeanguka, kijana. Haijengeke tena."

Valens hakuwahi kumsikia akitumia maneno hayo ya vijana.

"Papa, unisamehe. Uniambie vile unasemaka wewe mwenyewe. Kifundi."

"Ile maneno watu wanaichekaka," Straton alijibu bila hasira, akamrudishia kofia, akainama kutafuta sindano yake.

Siku ya mahari, wazee wa kina Olga walipoingia, wanaume wote wa upande wa Valens walisimama wakavua kofia. Mkono wa Valens nao ulipanda kwa mazoea, ukakuta nywele. Mzee mmoja alimtazama, akangoja kidogo, kisha akaketi.