Mwenye Mzigo na Aingie

Kibao cha lango la kanisa nilikiandika mimi, kwa herufi kubwa zisizoyumba, kama tulivyozoezwa shule ya bweni na walimu wasiovumilia herufi iliyolegea: MWENYE MZIGO NA AINGIE. Wazee wenzangu wa kanisa walikisifu. Ukumbi wetu, ambao sakafu yake husimamia mwenyewe ikipigwa deki, ulibaki umefungwa juma zima ukisubiri Jumapili.

Ndipo upepo ulipoezua paa la ghala la soko. Alasiri hiyohiyo, mawingu yakiwa yametanda, muuza vitunguu mmoja akafika langoni na mkokoteni uliojaa magunia.

"Hodi, mzee! Niingizie wapi?"

"Uingize nini, mama?"

"Mzigo. Si mmeandika wenyewe?"

Nikamweleza, kwa upole wa mtu aliye upande wa haki, kwamba mzigo uliokusudiwa ni ule wa moyoni.

"Basi ndio huu," akajibu, akilipiga gunia kofi. "Mtaji wangu wote umo humu. Vitunguu vikilowa vinaoza, na mimi sina pa kuanzia tena. Hapo moyo utakuwaje, mzee?"

Mke wangu, aliyekuwa ukumbini akifuta viti vumbi, akatokeza mlangoni akicheka hadi akajishika mbavu.

"Umembana kwenye sarufi, mama! Huyu hunikosoa hata ninapomsalimu."

"Mke wangu, hili si jambo la mzaha."

"Nani anafanya mzaha? Umeandika mzigo. Hukuandika mzigo gani."

Hilo lilinichoma. Nimelelewa kuamini kwamba mtu husimamia alichokiandika, na kwamba aliyeandika ovyo hana haki ya kumlaumu aliyesoma vizuri. Ningeweza kuongeza neno moja pale kibaoni. Rangi ilikuwapo, na brashi pia. Tone la kwanza la mvua likanipiga kwenye kipara.

Nikaifungua milango yote miwili.

"Magunia yapangwe kwa mstari ulionyooka," nikaagiza. "Hapa si sokoni."

"Ndiyo, mwalimu," akaitika, ingawa sijawahi kufundisha hata siku moja.

"Na wazee wenzako?" mke wangu akaninong'oneza.

"Wataniuliza, nami nitawajibu."

Nikavua koti, nikakunja mikono ya shati. Mke wangu alilipokea koti lile, akalikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Gunia la mwisho lilivuka kizingiti mvua ikianza kumwagika. Muuza vitunguu akapenyeza mkono ndani yake, akapapasa, akafumba macho.

"Vikavu," akasema.

Nikageuka. Langoni palikuwa na mama mwingine, kajitwika gunia la maharage, maji yakimchuruzika usoni.

"Shikamoo, mzee. Samahani, nimesikia huku kwenu mna..."

"Tutaongea baadaye, mama," nikamkatiza, nikiwa tayari nimelishika gunia upande mmoja. "Yatalowa."