Mlango wa Upande wa Mlima

Digna Melkior alipoteuliwa kuwa mshauri wa mahakama, hakuna aliyeuliza ataingiaje ndani. Kumteua walijua, hilo siwanyimi watu wa Kirua. Mama yule alikuwa akipika mbege, pombe ya ndizi na ulezi, tangu ujana wake, na kwenye mabenchi ya kilabu chake kila ugomvi ulipita kwanza kabla haujafika kwa hakimu: mipaka ya vihamba, yaani mashamba ya ukoo, zamu za maji, mbuzi aliyekula kahawa ya jirani. Alikuwa akisikiliza huku anakoroga, mwisho anasema neno moja, na wagomvi wengi walirudi makwao wakisahau kwamba walitaka kushtakiana. Mwaka huo wa 1981 redio ilikuwa haichoki kutangaza kwamba ni Mwaka wa Walemavu. Tawi la Chama likaona mambo yamejipa, likamteua Digna, ambaye polio ilimchukua miguu yote miwili akiwa mtoto. Wakapiga makofi, wakanywa mbege yake, wakaenda zao.

Sasa njoo uone hiyo mahakama. Lilikuwa jengo la zamani la Baraza la Mangi, chifu wetu wa enzi zile, la mawe meusi ya mlimani, limekaa kwenye mteremko kama jengo lolote huku kwetu. Upande wa chini liliinuka juu sana, na mbele yake palikuwa na ngazi pana ya mawe ambayo hata mwenye miguu yake mizima akiimaliza anashika kiuno. Digna alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono, aliyopewa na mapadre. Baiskeli haipandi ngazi. Wote walilijua hilo, na wote walinyamaza.

Siku ya kikao chake cha kwanza alivaa kitenge kipya, akafika mapema, akasimamisha baiskeli chini ya ngazi. Hakimu Aristides, kijana mstaarabu wa kutoka Bukoba, aliteremka kumsalimia. Akamwambia asiwe na wasiwasi, vijana wawili wenye nguvu watambeba.

"Wanibebe mpaka wapi?" Digna akauliza.

"Mpaka kwenye kiti chako, mama. Na jioni watakurudisha."

"Mheshimiwa, nikishapandishwa hapo kama mkungu wa ndizi, nani atanisikiliza nikisema? Na kesho mmoja wa hao vijana akishtakiwa, mimi nitamtazama kwa jicho gani, na mgongo wake ndio ulionipandisha?"

Hakimu hakuwa mtu mbaya, na alijua kwamba mama yule amesema la maana. Lakini sheria ilimtaka mshauri akae ndani, asikilize kesi, atoe maoni yake. Akamwambia atamsubiri mpaka Jumanne ya kwanza baada ya Pasaka. Ikishindikana, ataomba wateue mwingine, na asimchukie kwa hilo.

Digna alizungusha baiskeli yake mpaka nyumbani, akafunga mlango, akalia. Alilia kwa hasira, si kwa kujihurumia. Miaka yote alikuwa akisikia kesi za kijiji zikiwa zimeharibika tayari, zikiletwa kilabuni na watu walioshinda kwa maneno mengi na walioshindwa kwa kukosa maneno. Mara nyingi alikuwa akijiambia, laiti ningekuwemo ndani. Sasa ameitwa ndani, anazuiwa na mawe. Alipomaliza kulia aliosha uso akaenda kutazama mbege yake, maana mbege haimsubiri mtu.

Wa kwanza kujitolea kusaidia alikuwa Filemon, Katibu Kata. Filemon alikuwa mtu wa vitendo, na hapo ndipo palipokuwa na tatizo lake. Katika mwaka ule ambao vita vya Amin vilikuwa vimetuacha tunatafuta hata sabuni, yeye, sijui kwa mlango gani, alikuwa ameahidiwa saruji. Akatangaza mkutanoni kwamba ile ngazi itavunjwa, na mahali pake patamwagwa zege la mteremko, ili Ndugu Digna apande kwa raha, na Kirua iwe mfano wa wilaya.

Mkutano ulichafuka. Ngazi ile haikujengwa na mkandarasi. Babu na baba za watu wa Kirua waliitwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, kila ukoo ukatoa watu wake, wakayatoa mawe yale mtoni na kuyapandisha migongoni, na mpaka leo mtoto wa pale anaweza kukuonyesha jiwe la ukoo wake. Wazee walisema nyundo ikigusa jiwe hata moja, wao watalala juu ya yaliyobaki. Filemon akawaita wapinga maendeleo. Na jambo lililomuuma Digna kuliko yote, watu wakaanza kumtazama yeye kana kwamba nyundo iko mapajani mwake.

"Nani amewaambia nataka mvunje?" aliwaambia, na sauti yake ilikuwa kali. "Jiwe la baba yangu limo humo. Mimi nataka kuingia, sitaki kubomoa."

"Sasa utaingiaje bila kubomoa?" Filemon akauliza.

Jibu lilikuja asubuhi ya pili, na lilikuwa mbele ya macho yake muda wote, ndiyo maana hakuwahi kuliona. Nyumba ya Digna ilikuwa juu ya mahakama, ng'ambo ya barabara ya gari, na kila siku akikaa uani kupepeta ulezi alikuwa akilitazama lile jengo kwa mgongoni. Kwa upande wa chini ni ukuta na ngazi. Lakini kwa upande wa mlima, ardhi imepanda mpaka majani yanagusa kizingiti. Na pale kwenye kizingiti pana mlango, mpana, wa mbao nzito za kuchongwa, wenye pande mbili za kufungulia ndani.

Ulikuwa mlango wa Mangi. Yeye peke yake ndiye aliyeingilia huko, akitokea nyumbani kwake juu, akafika moja kwa moja kwenye jukwaa bila kupita katikati ya watu. Tangu umangi ulipofutwa baada ya Uhuru ulikuwa umefungwa. Hakuna amri iliyoufunga. Watu waliacha tu kuupitia, halafu wakaacha kuutazama, na kwa ndani mtu akasukumia kabati la mafaili. Tumekaa na Azimio la Arusha miaka mingi, tukiimba usawa asubuhi na jioni, na mlango wa bwana mkubwa hakuna aliyethubutu kuugusa. Ndivyo tulivyo.

Ufunguo alikuwa nao Mzee Wenseslaus. Huyu ndiye aliyekuwa tarishi wa Baraza enzi hizo, na ndiye aliyemfungulia Mangi. Digna alimfuata nyumbani kwake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti ya Melkior. Najua kilichokuleta, na jibu ni hapana."

"Sijasema bado."

"Umekaa uani siku mbili unatazama mlango wangu. Unadhani mimi ni kipofu? Mlango ule si wa kila mtu. Mimi nimeutunza, naupaka mafuta kila mwaka, na bawaba zake hazilii. Mkianza kuupita mtaweka bati, mtapaka rangi ya kijani ya serikali, mtapigilia misumari ya kutundikia makoti. Nawajua."

Digna aliona kwamba mzee yule haogopi miguu yake wala mbege yake. Anaogopa rangi ya kijani. Hapo roho yake ikatulia, kwa sababu hofu hiyo hata yeye alikuwa nayo.

"Baba, saruji ya Filemon inafika Jumamosi," alisema. "Mimi sitabebwa, na yeye hataacha kumwaga zege lake, ameshawaambia wa wilayani. Kwa hiyo kitu kimoja kitaguswa. Ama ngazi ivunjwe, ama ufunguo wako uzunguke. Wewe ndiye unayechagua, si mimi."

Mzee akasema yeye mwenyewe ndiye atakayefungua na kufunga, na atakayepiga msumari kwenye mbao zile atamshtaki, mbele ya Digna huyo huyo. Digna akasema atamfunga jela. Wakacheka wote wawili, na kwa Mzee Wenseslaus kucheka kulikuwa jambo la nadra.

Filemon alinuna, lakini wazee walipolisikia neno hilo walifurahi mpaka akakosa wa kubishana naye. Kabati la mafaili likasogezwa, na msaragambo ukaitishwa kutengeneza njia kutoka barabarani mpaka mlangoni. Msimamizi akawa Sirili, mzee wa mfongo. Kwa asiyejua, mfongo ni mfereji unaoshusha maji ya msituni mpaka vihambani, na kwa kuchimba mifongo watu wa mlimani hatuna mpinzani. Sirili alikuwa akiupeleka mfereji kwenye kilima bila kipimo, anafinya jicho tu, na maji yanakwenda kama yanaitwa.

Walichimba kwa bidii na kwa nyimbo. Waliteremsha njia taratibu ikizunguka kilima, laini, isiyo na mahali pa kuchosha mikono, na pande zote mbili wakainua kingo nzuri za udongo wakazishindilia. Digna aliwapikia. Kila mtu aliyepita aliisifu kazi.

Ijumaa Kuu mchana, watu wakiwa kanisani, mvua ya masika ikanyesha. Walipotoka walikuta maji yanateremka kwenye ile njia, safi, hayamwagiki hata tone pembeni, yanapita chini ya mlango wa Mangi, yanazunguka viti vya mahakama, halafu yanatokea mbele na kushuka kwenye ngazi za mababu. Kazi ya Sirili haikuwa na kasoro. Walikuwa wamechimba mfongo.

Filemon alisimama chini ya ngazi, mwavuli mkononi, akasema aliwaambia tangu mwanzo, dawa ni zege. Mzee Wenseslaus alikuwa ndani na ndoo, anachota maji. Hakimu Aristides alimsogelea Digna akamwambia kwa upole kwamba Jumanne ni Jumanne. Digna aliwaona wachimbaji wamesimama na majembe yao, wazee wa heshima wameinamisha vichwa, na Sirili anaangalia maji yakienda vizuri namna ile, hajui ajivune au aone aibu. Basi kicheko kikamshinda. Alicheka mpaka machozi.

"Sirili, baba yangu," alisema, "mimi ni maji?"

Wakaanza kucheka na wengine, hata Sirili mwenyewe, na walipomaliza kucheka aibu ilikuwa imekwisha. Digna akawaambia wasifukie kitu. Njia ni nzuri, mikono yake imeshaijaribu. Kinachotakiwa ni maji yaachane naye njiani. Sirili akafinya jicho, na safari hii akatazama kwa akili ya kuyafukuza maji, jambo ambalo hakuwahi kuombwa maishani mwake.

Jumamosi Kuu na Jumatatu ya Pasaka walifanya kazi. Waliubomoa ukingo wa upande wa chini, maji yapate pa kutokea. Wakajaza njia mawe na changarawe ya mtoni, ikainuka juu ya ardhi badala ya kuzama. Mbele ya mlango wakaipindisha ishuke kidogo halafu ipande kidogo, na pale chini kabisa wakapitisha mfereji wa kukata njia, wakaufunika kwa mawe bapa yanayopitisha gurudumu. Maji yake wakayaelekeza kwenye migomba ya Mzee Wenseslaus, naye akaacha kununa. Mlangoni hawakugusa kitu. Kizingiti kilikuwa chini kiasi kwamba jiwe moja jembamba la kuegemeza lilitosha, na jiwe hilo unaweza kuliondoa kwa mkono. Mvua ilinyesha tena Jumatatu jioni. Kizingiti kilibaki kikavu, na Filemon akapeleka saruji yake shuleni, kwenye choo kilichokuwa kinaihitaji kweli.

Jumanne Digna alivaa kile kitenge. Hakutaka mtu amsindikize. Alitoka uani kwake, akavuka barabara, akashika njia, mikono yake ikizungusha polepole na changarawe ikilia chini ya magurudumu. Hofu ilikuwepo, kwa nini nidanganye? Lakini ilikuwa hofu ya mtu anayekwenda kazini. Alipofika, mlango ulikuwa bado umefungwa, akagonga.

Ndani ukumbi ulikuwa umejaa. Mzee Wenseslaus alizungusha ufunguo, akavuta mbao zile mbili kwa pamoja, na mwanga wa mlimani ukamwagika kwenye jukwaa. Na hapo, kabla haijaonekana nani anaingia, wazee wote ukumbini wakasimama. Hakuna aliyewaamrisha. Magoti yao yalikumbuka yenyewe mlango ule ukifunguka hufanywa nini. Vijana walipoona wazee wamesimama nao wakasimama, na kina mama nyuma, na mshtakiwa kizimbani.

Digna aliingia, gurudumu la mbele kwanza, akakuta Kirua nzima iko wima inamtazama. Wazee sasa walikuwa wameona ni nani. Mmoja alianza kukunja magoti akae, akamtazama Digna, akayanyoosha tena. Wakabaki wamesimama kwa kutaka wenyewe. Digna alizungusha baiskeli mpaka mahali pake, akafunga breki.

Wakati huo hakimu Aristides alikuwa anamaliza ngazi kwa mbele, anahema, faili kwapani. Aliingia akakuta ukumbi mzima umesimama na umempa kisogo. Akasimama na yeye.

"Kaeni," alisema Digna.

Wote wakakaa, na hakimu pamoja nao, kwenye benchi la mwisho, kati ya bibi mmoja na mtu aliyekuja kudai mbuzi.

"Wewe njoo huku juu, mheshimiwa," Digna akamwambia. "Kiti chako ni hiki hapa."