Jiwe la Mahona

Philomena alinikuta nyuma ya nyumba nikichonga jiwe la kusagia. Ilikuwa Jumatano, mwaka wa 1975, na kijiji chetu kipya kilikuwa hakijamaliza hata mwaka mmoja.

"Mwangaluka, Athanasi."

"Mwangaluka, mayu. Karibu, mama."

Hakukaa. "Trekta linakuja Jumatatu," akasema. "Kule kwetu kwa zamani kote kutakuwa shamba la pamba la kijiji. Mwenyekiti amesema kaburi lenye jiwe litaachwa. Lisilo na jiwe, dereva atalijuaje?"

Mumewe, Mahona, alizikwa miaka sita nyuma katika kaya yao, kando ya zizi la ng'ombe. Tuta la kaburi lilikuwa limeshuka hadi likalingana na ardhi. Tulipohamia kijijini tulibeba milango, mabati na mitungi. Makaburi yalibaki.

"Siku zinatosha," nikasema. "Unataka jiwe la ukubwa gani?"

"Kama yeye mwenyewe."

Bundala, shemeji yake, alikuwa ameegemea mkokoteni wa ng'ombe alioutanguliza kwa ajili ya kubebea jiwe ambalo bado halikuwepo. Akacheka. "Basi kazi yako ndogo, Athanasi. Kaka yangu alikuwa anapanda kichuguu ndipo aongee na huyu mwanamke."

"Alipanda na akasikilizwa," Philomena akasema. "Wewe mrefu hivyo, nani anakusikiliza?"

Hata kama Mahona alikuwa mfupi, jiwe la kimo cha mtu lisingewezekana. Nikamweleza taratibu. Jiwe haliwekwi juu ya ardhi kama chungu. Theluthi yake lazima izikwe, la sivyo mvua mbili tu litainama. Kwa hiyo jiwe la kusimama futi tatu linataka futi nne na nusu. Unene wake shubiri moja, upana shubiri mbili. Likizidi hapo, ng'ombe wa Bundala watalala njiani.

"Futi tatu," akarudia, akiweka kiganja hewani, usawa wa nyonga yake. Alikiangalia kile kiganja kwa muda. "Haya. Lakini uliandike vizuri."

Niliwasha moto juu ya mwamba, nikaumwagia maji ya baridi, ukapasuka nilipotaka. Siku mbili nilikuwa na nyundo na tindo. Kichwa cha jiwe nilikifanya mviringo ili maji yasituame juu yake. Herufi nilizizamisha kwa kina cha punje ya mahindi: msalaba, jina, mwaka wa kufa. Mwaka wa kuzaliwa Philomena alikataa.

"Hakuna aliyeujua," alisema. "Tusimsingizie."

Jumamosi tulilisimamisha kichwani pa kaburi. Philomena ndiye aliyetuonyesha mahali. Alipima kwa macho kutoka kwenye mashimo ya nguzo za zizi, wala hakusita. Saruji haikupatikana dukani, kwa hiyo tulishindilia kokoto na udongo, nami nikalinyoosha kwa timazi.

Jumapili baada ya sala dereva alikuja kwa baiskeli kukagua shamba, amefunga vijiti nyuma. Aliitwa Selestini, kijana mpole, mgeni wa huku. Sisi watatu tulikuwa pale tukimsubiri. Akavua kofia, akasoma jina, akasimama kidogo kwa heshima. Kisha akahesabu hatua kutoka mbele ya maandishi, akachomeka vijiti vinne vizuri kabisa.

"Mama, ndani ya hapa sitagusa."

"Umemwacha nje!" Philomena akapiga kelele. "Yuko nyuma ya jiwe! Hapo umelinda njia ya mbuzi!"

Selestini akaduwaa. Alikokulia, alisema, kwenye makaburi ya misheni, maandishi yanamtazama marehemu. Miaka yote nimeandika upande wa nje, ili anayesoma asimkanyage mtu miguu. Sikuwahi kufikiri kwamba mgeni angeweza kusoma vizuri na bado akakosea. Wala sikuweka jiwe la miguuni. Kosa halikuwa la kijana.

"Sawa, ni nyuma," akasema, aking'oa vijiti. "Lakini kaburi linaishia wapi? Nina plau ya diski tatu, mama. Siwezi kukisia."

"Hatua tano," Bundala akasema.

"Futi saba," nikasema mimi.

Philomena akatupita sote. Alitoa kitenge begani, akakitandika nyuma ya jiwe, upande wa kushoto wa kaburi, akajilaza kwa ubavu wa kulia na kunyoosha miguu.

"Alilazwa hivi," akasema kutoka pale chini. "Yuko hapa mbele yangu. Mimi simlalii juu. Haya, chomeka miguuni."

Selestini akachomeka kijiti miguuni, upande wa mbali. Akachomeka cha pili upande uleule, karibu na jiwe.

"Sasa inuka, mama, niweke vya upande huu."

"Viweke mgongoni kwangu."

"Lakini umesema kaburi ni pale mbele tu."

"Nimesema. Viweke mgongoni kwangu."

Bundala akakuna kichwa. "Shemeji, hapo wanaenea watu wawili."

"Wewe usije kujibanza."

Tulicheka, kisha tukaacha kucheka. Kule kijijini yalishatengwa makaburi ya wote, karibu na shule, yamepangwa kwa mistari. Kila mtu alijua hivyo, na Philomena alijua zaidi, maana alikuwa kwenye kikao kilichoyatenga. Selestini alinitazama mimi, labda kwa sababu ya nywele zangu nyeupe. Nikaitikia kwa kichwa, kidogo tu. Akazunguka, akachomeka kijiti cha tatu karibu na mabega ya mama yule, kisha cha nne karibu na visigino vyake.

Nikasema nitaleta mawe manne kwa mkokoteni kabla ya jua kuzama, niyazike kila kijiti kilipo, yachomoze kiasi cha kuonekana na mtu aliye juu ya trekta.

"Nianze kuchimba, mayu?"

Alikuwa amefumba macho kwa sababu ya jua. "Pima kwanza hapa begani," akasema. "Nisije nikabanwa."

Nikatoa kamba yangu, nikapiga goti, nikapima.